Pipa Lililopakwa Rangi Kabla ya Kuchomwa

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nne, mwishoni mwa kiangazi, fundi saa alipojitengenezea jiko la pipa la kubanikia nyama kwa moshi, na kwa jiko hilo akaliharibu jina la rafiki yake.

Hakuwa mtu wa majiko. Kazi yake ilikuwa kuketi nyuma ya dirisha dogo la kioo, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, akichokonoa matumbo ya saa za watu kwa koleo nyembamba kama miguu ya mbu. Lakini mama mkwe wake, baada ya miaka ya kutoa udhuru, alikuwa amekubali kuja kula chakula cha mchana kwa binti yake. Mama huyo hakuwahi kuamini kwamba mwanamume anayeshinda ameketi anafanya kazi. Fundi saa alitaka safari hii amkute amesimama.

Pipa alilipata kwa mchomeleaji wa mtaa wa nyuma. Lilikuwa pipa zito la chuma, lenye kimo cha kiuno, ambalo zamani lilibeba mafuta ya kupikia. Ndani yake mlikuwa na utando wa rangi ya dhahabu uliopakwa kiwandani ili chuma kisishike kutu. Fundi saa aliinama akauchungulia, akautazama kama anayetazama mgongo wa saa ya thamani.

“Usiupende,” mchomeleaji alimwonya, akiisukuma miwani yake myeusi juu ya paji la uso. “Huo ukipata moto pamoja na nyama, mtajuta. Jaza kuni humo, uwashe moto mkali mpaka pipa liwe jekundu. Utando uungue wote, kibaki chuma kitupu. Kisha usugue kwa brashi ya waya, upake mafuta ya kula, uliwashe tena. Rangi ya nje ni ya mwisho.”

“Kuchoma kwanza, rangi baadaye.”

“Usiniimbie, fundi wa vitu vidogo. Fanya.”

Alifanya, na mengi aliyafanya vizuri kuliko ilivyohitajika. Alitoboa matundu karibu na kitako cha pipa, akayatia mabomba mafupi yenye koki, ili hewa iingie kwa kipimo na moto usikurupuke. Alisuka kikapu cha waya cha kuwekea mkaa, akakipa miguu ili majivu yadondoke chini. Juu alilaza wavu wa kubanikia, na juu ya wavu akapitisha vyuma viwili vya kuning’inizia mbavu. Mfuniko aliutoa kwenye sufuria kuukuu la shughuli, akaukunja ukingo kwa nyundo mpaka ukakaa sawasawa bila kuvuja moshi. Mbele akatoboa tundu la kipimajoto.

Hapo ndipo alipoteleza. Kopo la rangi ya samawati iliyokolea lilikuwapo barazani, na kuni za kuchomea zilikuwa hazijaletwa. Alijiambia kwamba angepaka kidogo tu, aone itakavyokuwa. Alipaka kidogo, akapaka pote. Kisha akachukua brashi yake ndogo ya kusafishia saa, akakizungushia kipimajoto nambari kumi na mbili nyeupe, zilizonyooka na kulingana, hata mtu angesema zimepigwa chapa.

Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. “Sasa hili linapika, au linatuambia saa?”

“Yote mawili.”

“Basi likishindwa kupika, tutalitundika ukutani.”

Kuni zilipofika, moyo ulikataa. Moto mkali ungeibabua rangi yote, na mama mkwe alikuwa anakuja kesho yake. Fundi saa akawasha kijimoto cha vijiti, akakilinda kama mtu anayepasha uji. Kilipozimika alichungulia ndani. Utando ulikuwa umeingia weusi huku na huku, na katikati ulikuwa bado unang’aa. Alichovya kitambaa katika mafuta ya kula, akaufuta wote, ukafanana. Akajiambia kwamba mkaa wa kesho ungemalizia kilichobaki.

Mwenye bucha alikuja asubuhi na mapema, amebeba mbavu begani. Alikuwa rafiki wa fundi saa tangu walipokuwa wakigombania dawati moja, na mtaa wote ulimwita Mizani, kwa kuwa hakuwahi kumpunja mtu; yeye naye alimwita fundi saa Sekunde.

“Niambie bei,” alisema fundi saa.

“Sekunde, usinitukane mchana kweupe. Mama mkwe wako ni mama yangu. Leo mizani inapumzika.” Akalizunguka lile pipa, akapiga mluzi. “Na huyu bwana harusi umemtoa wapi? Hata mimi ningekubali kubanikwa humu!” Hakukaa kula. Alikuwa na wateja.

Mbavu zilining’inia, moshi ukapanda mwembamba. Chini ya harufu ya nyama palikuwa na harufu nyingine, kama ya kitana cha plastiki kilichosahauliwa karibu na moto. Fundi saa aliisikia. Akafungua koki moja zaidi, akasogea upande unakotoka upepo, akaendelea kutabasamu.

Mama mkwe alikula akaongeza. “Kumbe unaweza kusimama,” alimwambia, na kwa mama yule huo ulikuwa wimbo wa sifa.

Kabla jua halijatua alikuwa ameshikilia ndoo, akitapika. Mkewe fundi saa alifuata, na jirani aliyealikwa pamoja na mumewe nao wakafuata. Mwenyewe hakuwa ameonja hata kipande, kwa pilika za kulinda moto. Alikimbia huku na huko na maji na taulo, na kila aliyemtazama usoni aliuona uso wa mlezi mwema.

“Nyama ile ilikuwa mbovu,” mama mkwe alisema siku ya pili, amelala kwenye kochi, sauti imemkauka. “Huyo mwenye bucha alikupa masalio.”

Wote wakamtazama fundi saa. Ulimi wake ulikuwa na nafasi ya kusema lolote.

“Huenda, Mama,” alijibu.

Maneno hayo mawili yalitosha. Jirani aliyapeleka dukani, duka likayapeleka kisimani, na jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Mizani anauza nyama mbovu, na kwamba rafiki yake mwenyewe hakukana.

Wala Mizani mwenyewe hakukana. Hilo ndilo fundi saa hakulitarajia. Mizani alikuja nyumbani kwa rafiki yake bila kuitwa, ameishika kofia yake kwa mikono miwili, akasimama mbele ya kochi.

“Mama,” alisema, “na wewe shemeji, na wewe ndugu yangu. Nilileta kitu nyumbani humu nikidhani ni kizuri, kumbe ni kibaya. Niliwaumiza. Nawaomba mnisamehe.”

Mama mkwe aligeuza uso. Mke alimtazama mumewe, kwani nyumba ilikuwa yake na jibu lilikuwa lake. Fundi saa aliinuka.

“Yamekwisha,” alisema.

Mizani alimshika mkono, akaukamua kwa shukrani. Akatoka. Fundi saa alibaki ameukunjua mkono wake kama aliyekabidhiwa kitu cha mtu mwingine na hajui akiweke wapi.

Tangu siku hiyo alilifunika pipa kwa shuka kuukuu na kwenda kazini kwa njia ya nyuma. Hata hivyo bucha ilionekana kutoka dirishani kwake. Aliwaona wanawake wakivuka barabara kabla hawajaifikia. Aliziona kulabu tupu zikiyumba kwa upepo, na Mizani akiifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Ili kuituliza nafsi, alianza kununua nyama huko kila siku.

“Nyama tena?” mkewe alimaka. “Tumekuwa simba? Na ya huyo mtu siipiki, nakwambia mapema.”

Fundi saa akaipika mwenyewe. Akaila peke yake, jikoni, amesimama, akingoja tumbo limkate. Tumbo halikumkata. Kila alipolala akaamka mzima, aibu ilimzidi.

Mchomeleaji alipita dirishani siku moja. “Lile jiko linaendeleaje? Ulilichoma kwanza?”

“Nililichoma.”

“Mpaka likawa jekundu?”

Fundi saa aliinamia saa iliyokuwa mezani. “Nina kazi hapa, fundi. Tutazungumza.”

Hawakuzungumza. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha Mizani alipokuja mwenyewe dirishani, amekumbatia saa ya ukutani ya bucha, ile yenye madoa ya mafuta kwenye kioo.

“Inachelewa,” alisema. “Itengeneze iende vizuri. Anayezinunua kulabu na meza anaitaka na saa.”

“Unafunga?”

“Nimeshafunga, nasubiri kutoa vitu.” Alijaribu kucheka. “Wateja si neno, wateja hurudi. Ni hii mikono, Sekunde. Nilikuwa nikiishika nyama naijua, gizani hata. Sasa naishika naikosea. Naunusa ubavu mzima, mbichi, wa leo, na bado namwona Mama na ndoo yake.” Aliisukuma saa chini ya kioo. “Wewe ulinisamehe. Bila hilo nisingeweza hata kupita mtaa huu.”

Alipokwisha kwenda, fundi saa alifungua mgongo wa saa. Aliishika skrubu ya kwanza kwa koleo, ikamponyoka. Akaishika tena, ikaanguka sakafuni na kubingirika chini ya kabati, naye hakuitafuta. Aliivua lenzi, akafunga dirisha, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama mkwe wake.

“Mama, naomba tufuatane mpaka bucha.”

“Kwa yule? Siendi kula.”

“Huli kitu. Unatazama tu.”

Sauti yake ilikuwa na jambo ambalo mama yule hakuwahi kulisikia humo. Akachukua mtandio, akamfuata.

Walipopitia nyumbani kwake alilitoa pipa chini ya shuka, akalilaza, akalibingirisha barabarani huku mkewe akimfuata na kuuliza kama amepandwa na homa. Mbele ya bucha akalisimamisha. Akakitoa kikapu, wavu na vile vyuma viwili, akajaza kuni kavu mpaka mdomoni, akafungua koki zote, akawasha.

Moto ulinguruma. Rangi ya samawati ilivimba malengelenge, ikapasuka, ikajikunja. Nambari nyeupe zilibanduka moja moja, zikageuka majivu kabla hazijagusa chini. Watu walitoka milangoni. Kisha utando wa ndani ukashika, na moshi mweusi, mnene, wenye harufu ya kitana kilichoungua, ukafuka barabara nzima.

Mama mkwe alijiziba pua kwa mtandio. Kisha akauondoa mtandio, akanusa tena kwa makusudi.

“Harufu hii naijua,” alisema. “Ni ya siku ile.”

Mizani alikuwa ametoka, bado amevaa aproni isiyo na doa hata moja. Alilitazama pipa, akautazama moshi, akamtazama rafiki yake. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

“Nyama yako ilikuwa nzima,” alisema fundi saa. “Pipa ndilo halikuwa limechomwa. Nilichelea rangi.”

“Rangi,” alisema Mizani.

“Rangi.”

Kuni zililia ndani ya chuma.

“Mimi nilikuja kwako nikakuomba msamaha,” Mizani alisema polepole. “Na wewe ukaupokea. Ukaniambia yamekwisha.”

“Nimekuja kuurudisha.”

“Basi urudishe vile vile. Mimi nilisimama mbele ya Mama, nimevua kofia. Sikuunong’oneza.”

Fundi saa aliivua kofia yake. Aliishika kwa mikono miwili, kama alivyoona ikishikwa, akageuka ili mama mkwe, mkewe, jirani na mtaa uliokuwa umejipanga ukutani wamwone usoni.

“Mama,” alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa barabara, “na wewe mke wangu, na wewe ndugu yangu. Nilileta kitu nyumbani mle nikijua ni kibaya. Niliwaumiza, nikamwachia mwingine aibu yangu. Nawaomba mnisamehe.”