Breka Isiyo na Kitufe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitafuti mwenza wa kugawana naye.

Binti yangu Najma alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Alikuja kulala arobaini yake kwetu, ghorofa ya nne, Mtaa wa Msimbazi, na shangazi yake Mauza akawa anamkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Nami nilishajitapa kwa majirani kwamba kwangu mzazi hakandwi kwa maji ya sufuria, kwangu kuna hita. Basi Jumapili hiyo hita ikanijibu. Kila tukiiwasha, breka inakata: feni kimya, friji kimya, anayebaki na sauti ni mtoto.

Mimi nauza spea za magari Gerezani mwaka wa ishirini na sita huu. Kwetu kitu kikisumbua, unafunga kigumu zaidi. Nikaazima kwa jirani breka nene, isiyo na kitufe kidogo cha kujaribia kama ile yetu, nikamwita fundi aje kuifunga tu, maswali asilete.

Akaja Blandina, binti wa Masasi, mkoba begani. Akaniamkia, nikaitikia, nikamtania kwamba mkoba ule bila shaka una poda na wanja. Akacheka. Breka yangu hakuitazama. Alizima kila kitu, akachomoa nyaya za hita, akawasha: breka ikatulia. Feni, friji, pasi: imetulia. Akarudisha hita, ikakata papo hapo. Basi akazima umeme wote, akamwaga maji, akafungua koili, kile chuma cha kuchemshia maji, na kuivuta nje.

Jamani, nimeona vyuma vingi, kile sijakiona. Kilitoka kimevaa chumvi nyeupe kama tawi la matumbawe, chumvi ya maji ya kisima tunayopandisha kwa pampu, na ubavuni kina ufa mwembamba kama unywele. Hapo, akanieleza, ndipo umeme ulipokuwa ukivujia kwenye maji. Na ile breka ya zamani, yenye kitufe, kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Chembe ikipotea njiani inakata, kabla hujapepesa jicho.

Nikahesabu. Mara nne tuliirudisha kwa matusi. Mara nne Najma alikuwa bafuni juu ya kigoda, miguu ndani ya beseni, mkono wa Mauza kwenye bomba. Kidude cha ukubwa wa kiberiti kilikuwa kimekaa ukutani, kinatukanwa, na kila mara kinamrudisha mwanangu toka kaburini. Kidogo nikipe shikamoo.

Ungedhani hapo nilinyamaza. Muuza spea hanyamazi. Nikasema koili isuguliwe kwa ndimu na mchanga, irudi, na breka yangu ifungwe jioni ile moja tu, maana maduka yamefungwa na majirani watanicheka wakisikia sufuria jikoni. Blandina akasema ufa hausuguliki. Nikamwambia sisi Gerezani tumerudisha barabarani magari yaliyokwishaota majani. Mauza, taulo begani, akaanza kuniunga mkono, jioni moja kitu gani.

Blandina akaipokea breka yangu, akaipima uzito kiganjani.

"Sawa baba, naifunga," akasema. "Ila utangulie kuoga wewe."