Miezi Saba Bila Kukaa

Insaf alilisoma faili lake akiwa amesimama, kwa sababu tangu wamkate saratani ya sehemu za siri, miezi saba sasa, hakuweza kukaa. Kovu lilikuwa limekaza, na mionzi ilikuwa imeunguza ngozi ikawa nyembamba kama ya kitunguu. Kwenye mstari wa upasuaji wa kurekebisha, ule wa kuchukua nyama ya pajani na kujazia palipokatwa, palikuwa na maneno matatu tu: Familia haikuona haja.

"Familia gani?" aliuliza.

Daktari Mamduh akamtazama mume wa Insaf, na hapo ndipo damu ilipomchemka Insaf. Katika hospitali ile ya Mansura, Misri, ndivyo walivyozoea: mgonjwa anaachwa kitandani, habari zake wanaume wanazimaliza koridoni.

"Nilimuuliza Haji, mumeo," alisema daktari. "Ni jambo la... la mume na mke."

Abdelghaffar, mumewe, alikuwa amejitupa kwenye kiti pekee cha wageni, tasbihi mkononi. "Mama Rushdi, usinifedheheshe. Nilisema sisi wazee, mambo hayo tumeshayaaga. Nilikuonea huruma, nisikurudishe kwenye visu."

"Mambo gani? Nani kakuambia nayataka? Na hata ningeyataka!" Sauti ilifika hadi kwa wagonjwa waliokuwa wakingoja nje, naye hakujali. "Nataka kukaa, mwanamume wewe! Nashona nguo za watu nimesimama, mguu mmoja kwenye pedali kama korongo. Nakula nimesimama. Nakojoa nalia. Unaniona hivyo kila siku, ukadhani nini, nafanya mazoezi?"

Abdelghaffar alizisogeza shanga za tasbihi. Hakuwa mtu mbaya. Miezi yote hiyo alimpikia supu na kumfulia mashuka. Wema huo ndio uliomuudhi Insaf zaidi, maana mtu anayeweza kufua mashuka yale angeweza pia kuuliza swali moja.

"Tulia, mama," alisema daktari. "Kaa kwanza, tuzungumze."

Insaf alimkodolea macho mpaka mwenyewe akasikia alichosema, akainamisha uso.

"Lete fomu ya upasuaji. Mwili ni wangu, nasaini mimi." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe, inuka."

Akainuka. Daktari naye, bila kuambiwa, akasimama. Kiti kikabaki kitupu katikati yao wakati Insaf akiinamia meza na kuandika jina lake kamili.