Dozi ya Mukhwana

Nyapara wa shamba la mkonge alikuwa amempa Nabwile ruhusa mpaka saa sita, na ilikuwa saa tano na nusu Sista Emily alipomwita chumbani mwake pale kliniki. Nabwile aliingia na Mukhwana kifuani. Nyuma yake alikuja Rachel na Mulongo mgongoni. Kambini kwa vibarua, Rachel peke yake ndiye aliyeijua hali ya Nabwile.

Kwao Bungoma pacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ni Mukhwana, anayefuata ni Mulongo. Hawa hawakufanana hata kidogo. Mukhwana alitoka mwembamba, Mulongo akatoka mnono.

Sista alifunga mlango kabla ya kusema neno.

"Mulongo hana virusi," sista alisema. "Mukhwana anavyo. Tunamwanzishia dawa leo."

"Na mimi nilimeza zangu zote, sista."

"Ulianza mimba ikiwa na miezi saba. Vipimo vilikuwa havijafika huko kwenu. Si kosa lako, mama."

Pembeni alikaa kijana wa utafiti kutoka Mombasa, Hashil, na boksi juu ya magoti.

"Pole sana, mamangu," alisema. "Tumbo moja, ziwa moja, mmoja kaambukizwa na mwengine kasalimika. Pacha wasiofanana, kila mmoja hurithi lake kwa baba na mama. Huenda Mulongo karithi kitu kinachomkinga. Twataka kukijua. Ni tone tu la damu, lako na lao."

"Kwa hivyo mmoja nilimpa kinga, mwingine nikamnyima?"

"La. Hakuna mzazi achaguaye."

Alimsogezea fomu. Nabwile alikuwa ameshashika kalamu Rachel alipomgusa bega.

"Mama pacha, ngoja." Rachel alikuwa akitazama sakafu. "Siku ile ya kudungwa visigino, ulikuwa umeenda kuchukua dawa zako. Sista akaniuliza Mukhwana ni nani. Nikampa huyu mnono. Nilidhani mkubwa ndiye hutangulia."

"Una hakika ni huyu ulimpa?"

"Nadhani. Walikuwa wamelala, wamefunikwa mpaka puani. Niliona haya kusema siwajui."

Hakuna aliyemkemea. Sista aliweka kalamu yake chini, akafungua droo, akaifunga.

"Ningewapima tena sasa hivi," alisema. "Kadi za damu zimeisha, hii ni wiki ya pili. Tumeagiza."

Wote wakaliangalia boksi la Hashil. Kadi nyeupe zilikuwa zimepangwa humo hadi juu, kila moja na viduara vyake vya kudondoshea damu.

"Hizi zina namba za utafiti," Hashil alisema polepole. "Zaenda maabara nyengine. Majibu hayarudi kwa mgonjwa. Ndiyo kanuni, si mimi."

"Kadi ya kujua kwa nini mmoja alipona iko," Nabwile alisema. "Ya kujua ni yupi, haiko."

Aliirudisha fomu kwa kidole kimoja.

"Basi sitoi. Hata tone."

Hashil alifunika boksi taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Sista alivuta dawa kwenye bomba dogo lisilo na sindano. Chupa ilikuwa imeandikwa MUKHWANA kwa herufi kubwa.

"Rekodi ndiyo inasema hivyo. Nitapiga simu hospitali kubwa, lakini siwezi kukuacha uondoke bila dozi ya kwanza. Mwenye ugonjwa akichelewa, ataumia."

"Na kama ni mwingine?"

Sista alimkabidhi bomba. Rachel alimfungua Mulongo mgongoni, akamlaza mapajani mwa Nabwile kando ya nduguye. Hawakuwa wamenyonya tangu alfajiri. Nabwile alipeleka bomba kwa Mukhwana, mtoto akafungua mdomo. Alilipeleka kwa Mulongo, naye akafungua.

Tone lilijikusanya kwenye ncha, likaning'inia. Nje, mgonjwa aliyefuata kwenye foleni alikuwa akibisha mlango.