Hatua ya Nne

Tangu gari litoke Kibaha asubuhi, Zuwena hakutulia. Alifungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. Hatua za kuiwasha upya pampu ya sola ikizimika zilikuwa tano, na ya nne aliiacha wazi. Kati ya kuzima swichi na kuiwasha kulikuwa na kitu Bwana Han alikifanya, naye hakukiona. Yeye na mafundi wenzake walipojaribu wenyewe, pampu iligoma.

Bwana Han alikuwa fundi wa kampuni ya Korea iliyoshirikiana na kampuni ya akina Zuwena. Miezi saba, kila akimaliza kufundisha aliuliza neno lake moja la Kiswahili, "Mmeelewa?" Nao huitikia, "Tumeelewa!" Nani angemwambia mgeni, tena mtu mzima, kwamba somo halikuingia?

Leo walikuwa kijiji kimoja cha Kisarawe kukabidhi pampu; kesho Han anarudi kwao. Zuwena alitakiwa kutia saini kwamba anaweza kuiendesha peke yake. Ikimshinda, kijiji kitarudi kuchota maji bondeni.

"Dada, saini tukale," fundi mwenzake, Hashiru, alimnong'oneza. "Ikigoma tutampigia simu."

"Tumwambie nini? Tumeelewa?"

Zuwena akaweka kalamu chini, akaenda kwenye kisanduku cha umeme, akachomoa waya mmoja. Pampu ikanyamaza. Akina mama waliokinga ndoo wakageuka.

"Umerogwa?" Hashiru akaruka.

Han alikuja mbio, akanyoosha mkono. Zuwena akauzuia kwa daftari.

"Sijaelewa," alisema, kisha akarudia kwa Kiingereza. "Hii ya nne."

Han aliitazama nafasi tupu. Akamgeukia Hashiru. "Mmeelewa?"

"Hata mimi bado, mzee," Hashiru alijibu, macho chini. "Ukizima swichi huwa unasimama kimya. Tukajua unaomba dua."

Zuwena alipomtafsiria, Han aliduwaa, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Nahesabu!" alisema kwa Kiingereza. "Mpaka arobaini. Umeme uliobaki ndani uishe."

Akafunga mikono nyuma, akarudi hatua mbili.

Zuwena akarudisha waya, akazima swichi, akahesabu. Kwenye kumi na tano vidole vilimwasha. Kwenye thelathini mama mmoja alisonya. Arobaini. Akawasha. Pampu ikavuma, maji yakaruka ndooni.

Hashiru akamletea karatasi na kalamu.

"Bado," Zuwena alisema, akashika tena ule waya. "Sasa hesabu wewe."