Ua Nililolizamisha

Nilisikia shairi langu kabla sijawaona walioliimba. Sauti za wanawake zilitoka nyuma ya matete:

Zuwena kaona ua, pasipo ua ziwani,
Kesho ataona jua, likichomoza chunguni.

Kisha kicheko. Nilisimama njiani, kifua mbele, nikajivuna. Hakuna aliyenifundisha vina. Nilijifunza mwenyewe, na asubuhi ile nilijiona mkubwa kuliko akida.

Zuwena alikuwa mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, rika la mama yangu. Mjerumani mmoja, daktari mkusanya mimea, alikuwa amepiga hema Rumonge, mji wetu wa ufukweni, akanichukua nimwongoze kwa sababu nilijisifu kwamba hakuna jani la ziwa hili nisilolijua. Alitaka gugu la majini, lile lenye majani membamba kama nyuzi linalonasa nyavu. Lakini alilitaka na ua lake, maana bila ua hakuweza kuwa na hakika ya jina lake. Nikamwambia halina ua. Zuwena alikuwa akipita na ungo wake. Akasema lipo, huonekana maji yakitulia. Daktari akanitazama mimi. Nikacheka, naye akaandika nilivyosema.

Kukosolewa na muuza ndagala mbele ya mzungu kuliniunguza. Jioni nikatunga. Siku ya tatu mji mzima uliimba, na Zuwena akaacha kushuka ufukweni. Alianika ndagala uani kwake, mwewe wakawa wanampokonya.

Asubuhi hiyo niliwapita wale waimbaji, nikaingia mtumbwini kuelekea upande wa Gatete. Daktari alikuwa akifunga mizigo. Kesho yake angeondoka kwenda Usumbura, na alitaka gugu moja zaidi, pamoja na mizizi. Ziwa lilikuwa limetulia siku nne. Nililala kifudifudi, nikatumbukiza mkono hadi begani, shavu likigusa maji.

Hapo nikaliona ua. Kijiti chembamba, urefu wa kidole, kilikuwa kimechomoza juu ya maji. Kilivishwa vishanga vya kijani na kahawia, mafungu madogo yaliyoachana. Hakikuwa na petali hata moja. Ukisimama mtumbwini ungedhani ni taka. Vumbi la manjano lilielea kukizunguka, na vijiti vingine vilisimama kila upande.

Hapakuwa na mtu. Hata hivyo nilikikandamiza chini ya maji, kama mwizi anayeziba mdomo wa mbuzi. Nilipoondoa mkono kikarudi juu. Nikakizamisha tena. Niliendelea hivyo, mimi mtu mzima, nikipigana na jani, mpaka nikajionea aibu isiyo na pa kujificha.

Nikaling'oa gugu lote, na mizizi yake, na tope lake. Sikwenda kwa daktari. Nilikwenda kwa Zuwena.

Alikuwa amekaa uani na fimbo ya kufukuzia mwewe. Niliweka gugu miguuni pake, nikamwonyesha vile vishanga. Hakuinama kutazama.

“Mimi nilijua,” alisema. “Umeniletea ili nijue nini?”

 Nikamwambia nitatunga shairi jingine la kumsifu, beti kumi, mji mzima uliimbe na kulisahau lile la kwanza.

“Amuri, mwanangu, usinitie tena ndani ya wimbo. Mwenye kuimbwa ni mimi, mwenye kupendeza ni wewe.” Akainuka, akafukuza mwewe, akaketi tena. “Huwezi kusema tu, kama watu wanavyosema?”

 Bila vina nilikuwa kijana yeyote. Nilifikiria wale wanawake wakinigeukia, na daktari akikata maandishi yake mbele ya wapagazi.

“Mama Zuwena,” nikasema, “kesho, kabla mizigo haijabebwa, nitasimama ufukweni mbele ya daktari na mbele ya wale walioimba. Nitasema ua lipo, wewe ulilijua, na mimi niliwadanganya kwa kiburi. Sitaimba. Nitasema.”