Divai Kabla ya Kipimo

Rimu ya nyuma kulia ya gari la Klavdij ilipasuka wiki ya pili ya Agosti, kwenye shimo lililo baada ya kona ya kanisa, juu ya kijiji cha Kozana. Shimo lile kila mtu analijua. Klavdij naye alilijua, ila siku hiyo alikuwa akipisha trekta. Aliingia karakana kwangu polepole, tairi limelala, akashuka, akaitazama rimu kwa muda kabla ya kunisalimu.

Niliipaka maji ya sabuni. Ufa ulikuwa upande wa ndani, urefu wa kidole. Nikamwambia mimi sichomelei rimu za aloi. Wapo wanaochomelea, na huenda wanajua kitu nisichokijua.

"Basi nitafutie nyingine kama hii, Egon."

"Kiwanda kiliacha kuzitoa miaka sita iliyopita."

"Kwa hiyo ni nne mpya."

"Nne mpya."

Alijitahidi kuonekana amehuzunika. Gari lake ni dogo, jekundu, la milango mitano, limekatika ghafla nyuma kama mkate uliokatwa kwa kisu, na lina nguvu za farasi mia mbili na themanini. Mtu hanunui gari la namna hiyo ili limpeleke sokoni tu, ingawa sokoni pia linafika.

Shida ilikuwa nyumbani. Gari la mkewe, Nives, lilikufa mwezi Juni, na lile jekundu likabaki peke yake. Mama yake Nives, nona Vilma (nona kwetu ni bibi), alipasuliwa mgongo majira ya kuchipua. Kila Jumanne na Ijumaa anashushwa bondeni hospitali kwa mazoezi: kona ishirini na nne kwenda, na zile zile kurudi. Nives alikuwa ameshasema, nami nilikuwepo: kama gari hili haliwezi kumbeba mama bila kumuumiza, liuzwe kabla zabibu ya mwisho haijavunwa, wanunue gari la watu. Klavdij akaukubali muda huo. Hivyo rimu hizo hazikuwa pambo tu. Zingeamua kama gari linabaki au linaondoka.

Nilimwandikia machaguo matatu kwenye karatasi. La kwanza, inchi kumi na nane, karibu sawa na zile za kiwandani. La pili, inchi kumi na saba, nyepesi, tairi lake nene kidogo. La tatu alilileta mwenyewe kwenye simu: inchi kumi na tisa, pana, rangi ya shaba, ziko kwa bwana mmoja huko Kormin, ng'ambo ya mpaka. Aliyasoma yote matatu, lakini macho yalikuwa kwenye la tatu.

"Hizi zinachomoza," nilisema. Kila rimu ina namba inayoonyesha itakaa ndani kiasi gani. Nilipiga hesabu mara mbili. "Ukingo utatoka nje milimita ishirini na nane kuliko sasa. Usinunue kabla hatujapima."

"Naenda kuziangalia tu."

Macho hayana pazia. Nilimfungia rimu ya chuma ya muda, akaenda.

Jumamosi alasiri nilipita kwake kurudisha pipa. Rimu nne za rangi ya shaba zilikuwa zimeegemezwa ukutani mwa ghala la divai, matairi tayari yamevalishwa, na juani zilipendeza kweli. Nilisimama nikazitazama kama wengine. Silvan, jirani yake, alikuwa ameshafika. Silvan hukaa karibu na uzio siku nzima, kwa hiyo kwa Klavdij hakuna kinachoingia asikione.

"Likof lini?" Silvan aliuliza.

"Bado hazijafungwa garini."

"Umenunua au hujanunua?"

"Nimenunua."

"Basi toa chupa, bwana. Au unangoja zichakae?"

Kwetu, ukinunua trekta, ukiezeka paa, hata ukipata ng'ombe, unatoa likof: majirani wanakunywa, na jambo limefungwa. Kitu kilichonywewa hakirudishwi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini namfahamu mtu aliyekaa na kinu kibovu miaka kumi na moja kwa sababu kilishanywewa. Wazee walikuwa na busara yao: kwanza kazi iishe, ndipo chupa ifunguliwe. Klavdij alitazama rimu, akamtazama Silvan, akaingia ghalani akatoka na divai baridi ya rebula na paja la nyama iliyokaushwa. Tukawa watu saba. Mimi nilipewa glasi. Nilijua kipimo hakijafanyika, na nilikuwa na mdomo wa kulisema hilo. Nilikunywa. Divai ilikuwa nzuri.

Nives alipita na kapu la nyanya. Aliziangalia rimu.

"Nzuri," alisema. "Mama atakaa wapi, juu yake?"

Watu walicheka. Klavdij alicheka pia, kidogo.

Jumatatu alizileta. Nililiinua gari kwa jeki, nikafunga zote nne, nikalishusha chini. Watu wengi hupima gari likiwa hewani, na hewani kila kitu hutosha. Nilipitisha ukanda wa kadibodi kati ya kila tairi na ukingo wa madigadi. Klavdij aliketi kwenye usukani, akakata kulia, akakata kushoto. Ukanda uliteleza bila tabu.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona. Nani hupanda gari hili?"

"Mimi. Nives, mtoto, nona."

"Walete."

"Uwapime uzito? Nives ataniua, kisha aje kwako."

"Waketi tu."

Walikuja saa kumi. Binti yao, Ivana, aliketi nyuma upande wa kushoto bila kuinua macho kwenye simu. Nona Vilma aliingia upande wa kulia, mguu mmoja, kisha mwingine, mkono wake begani kwa Nives. Nikaweka kreti mbili za chupa kwenye buti, kwa sababu hakuna mtu wa huku anayerudi kutoka popote na buti tupu.

"Egon, mwanangu," nona aliniita kupitia dirishani, "tangu upasuaji nimepungua kilo nne. Ukitaka kipimo cha kweli, ungeniita wakati wa Pasaka."

"Nitaongeza chupa, nona."

"Ongeza. Zitafanana nami."

Nilipiga magoti nyuma. Ukanda wa kadibodi haukupita. Nilijaribu upande wa pili, nao haukupita. Nikamwomba Klavdij aendeshe hadi kwenye tuta la barabarani mbele ya ushirika na kurudi. Kutoka mlangoni, mimi na Nives tulisikia tairi likisaga chuma mara mbili, sauti kama ya mtu anayekwangua sufuria. Waliporudi, kwenye ukingo wa madigadi kulikuwa na nyuzi za mpira mweusi. Nona Vilma alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Nieleze vizuri," Nives aliniambia. "Usinipambie."

Nilieleza. Kuna njia mbili za kuziacha rimu hizi. Moja, kukunja ukingo wa madigadi kwa ndani. Milimita chache zitapatikana, hazitatosha gari likijaa. Mbili, kuweka springi ngumu zaidi, gari lisishuke. Hapo lisingesaga kabisa.

"Springi ngumu," Klavdij alisema mara moja.

"Na tuta lingekuwaje?" Nives aliuliza.

"Baya zaidi ya hapo," nilisema.

Nives alimsaidia mama yake kushuka. Alimnyoosha koti mgongoni, taratibu, kama mtu anayefikiria jambo lingine. Kisha akamwambia mumewe, bila kupandisha sauti, "Leo usiku andika tangazo la kuliuza. Picha nitapiga mimi." Wakaondoka kwa miguu, watatu, kwenda kwa shangazi yao anayekaa mtaa wa juu yangu.

Klavdij alikaa juu ya tairi kuukuu. Mimi nikaosha mikono.

"Ningezirudisha," alisema. "Yule bwana wa Kormin ni muungwana, angezichukua. Lakini zimeshanywewa, Egon. Watu saba. Silvan ataongea hadi Krismasi."

"Nami nilikuwa mmoja wa hao saba. Nilipaswa kusema."

"Ungesema nini?"

"Kwamba hatujapima."

"Nisingekusikiliza."

"Labda. Lakini ningekuwa nimesema."

Aliinamisha kichwa. Nilichukua kipande cha kadibodi kutoka rafuni. Ni kiolezo nilichokata mwenyewe kwa kufuata umbo la ndani la rimu ya inchi kumi na saba. Gari la nguvu lina breki kubwa, na si kila rimu ndogo huzifunika bila kuzigusa. Niliinua gurudumu la mbele, nikaitoa rimu ya shaba, nikakishika kiolezo juu ya breki na kukizungusha. Ilibaki nafasi ya milimita nne. Mtengenezaji anataka tatu.

"Inatosha," nilisema.

"Inchi kumi na saba." Alilitamka kama jina la ugonjwa. "Gari la posta lina inchi kumi na saba."

"La posta lina kumi na sita."

"Asante. Umenifariji sana."

Nilikuwa na rimu moja ya aina hiyo dukani, na tairi lake. Nikaitoa nje, nikawasha mizani tunayopimia makreti ya zabibu. Gurudumu lake la shaba, rimu na tairi, lilikuwa kilo ishirini na nne na nusu. Lile dogo, kilo kumi na saba na gramu mia mbili. Klavdij alilibeba moja kwa mkono huu, jingine kwa mkono ule, akayaweka chini. Akayabeba tena. Ameendesha magari tangu mguu ulipofika kwenye pedali; hakuhitaji nimwambie gurudumu jepesi linafanya nini kwenye kona.

"Kilo saba," alisema. "Kwa kila moja."

"Na ushee."

"Na sura?"

"Sura ni hiyo unayoiona."

Ilikuwa rimu ya kijivu, spoki kumi nyembamba, haina la kusema. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama zile za shaba. Mwishowe akasema niagize nyingine tatu, nimrudishie zile za zamani kwa muda, na akaomba nimsaidie kuzipakia za shaba, kwa sababu kabla ya kwenda Kormin alitaka kupita mahali.

Alipita kwa Silvan. Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, kwa hiyo nilisikia. Hakumngoja Silvan aje kwenye uzio. Alimkuta chini ya mzabibu wake akisafisha mikasi, akamwambia moja kwa moja.

"Zile rimu nazirudisha. Hazimbebi mama mkwe."

Silvan aliweka mikasi chini. "Nimezinywa, wewe unazirudisha. Sasa mimi nifanyeje, nitapike?"

"Ukitaka."

"Nimeishi miaka sitini na tatu, sijaona mjane wa rimu. Hata harusi hujafanya." Alimgeukia mkewe aliyekuwa dirishani. "Milka, njoo umpe pole jirani. Amefiwa."

"Na nani?" Milka aliuliza.

"Na inchi mbili."

Klavdij alisimama pale akaupokea utani wote, na ulikuwa mrefu. Masikio yalimwiva. Silvan alipoishiwa, alifuta mikasi kwenye suruali na kuuliza nona anaendeleaje na mgongo. Klavdij akamjibu. Wakazungumza kuhusu sukari ya zabibu kidogo, tukaondoka.

Rimu tatu zilifika Alhamisi. Nilizivalisha matairi, nikazifanyia balansi, nikazifunga, nikalishusha gari chini. Safari hii Klavdij hakuleta divai. Silvan, aliyekuja "kununua valvu", alitazama huku na huku akitafuta glasi.

"Hakuna likof?"

"Haijaisha kazi," Klavdij alimjibu. "Keti."

"Wapi?"

"Nyuma. Una uzito wa nona na kreti mbili."

Silvan aliketi. Ivana aliketi naye. Ukanda wa kadibodi ulipita kulia na kushoto, na nafasi ya kidole kimoja juu yake.

Ijumaa ilikuwa siku ya hospitali, na Klavdij alikuwa amemwomba Nives tangazo lingoje hadi hapo. Nives aliendesha mwenyewe, Klavdij pembeni yake, nona nyuma. Mimi nilikuwa na safari ya bondeni kuchukua mizigo, nikawa nyuma yao njia nzima. Gari jekundu lilizishuka kona bila kuyumba. Kwenye shimo la kona ya kanisa, ambalo hakuna aliyeliziba, halikukwepa. Lilipita juu yake, likainama kidogo, likainuka. Nilitazama kichwa cheupe cha nona kupitia kioo cha nyuma cha gari lao. Kilitikisika mara moja, kikatulia upande wa dirisha.

Mbele ya hospitali waliegesha, nami nikasimama pembeni kuwasikia. Hakuna aliyefungua mlango. Nona Vilma alikuwa amelala, mdomo wazi, mkoba mapajani, mikono haijashika chochote.

Nives alizima injini. Alikaa akimtazama mama yake kwenye kioo, kisha akashusha dirisha.

"Egon," alisema kwa sauti ya chini, asimwamshe, "matairi ya majira ya baridi ya saizi hii yanapatikana?"

Nikamwambia yanapatikana, ila ni vizuri kuagiza kabla ya Oktoba.

"Basi agiza," alisema.

Klavdij alikuwa akitazama mbele, ukutani. Hakugeuka. Alinyoosha mkono tu, akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha pale.