Mahali pa Uso

Kwenye jiwe la bibi yangu Pesia, makaburini hapa Vilnius, kuna kitundu chenye umbo la yai. Ndipo sisi Wayahudi wa hapa tunapoweka picha ya marehemu, ikiwa imechomwa juu ya kauri. Baba aliagiza kichongwe, ingawa chini ya jiwe hamna maiti na picha hatukuwa nayo. Nikamwambia usikate kanzu mwana hajazaliwa.

"Nyamaza, Fruma," akasema. "Picha itapatikana."

Wajerumani walimuua mama yake yeye akiwa na miaka minne, na sura imemtoka kabisa. Hilo ndilo linalomla mzee wangu.

Mwaka huu akaja Heidrun, mwanamke wa Kijerumani, na keki na albamu ya marehemu baba yake. Huyo baba yake alikuwa polisi katika mji wetu wakati ule wa mauaji. Baba akamkaribisha chai. Mimi nilimnunia.

Albamu ilipofunguliwa nilitarajia damu. Nikakuta wanaume wakiogelea, wakimenya viazi vifua wazi, wakinywa bia. Na mbwa, kila ukurasa mbwa. Ile raha yao ilinichefua kuliko damu.

Kidole cha baba kikasimama kwenye picha ya foleni ya watu uani.

"Huyu ni mama. Aproni hii niliiunguza mimi kwa pasi. Nilichapwa, we!"

Niliona aproni, pembe yake imeungua. Niliona kikapu, mikono, shingo. Basi. Mpiga picha aliinama ili mbwa atoke vizuri, na bibi akakatwa kichwa. Mbwa ametoka mpaka masharubu. Chini yake, kwa wino mweupe, jina la mbwa: Treff, Agosti 1941.

"Hamna nyingine?" baba akauliza.

"Zilizobaki ni za Treff tu, Bwana Leizer." Heidrun akaongeza: "Nimekua naye. Alizeeka sana."

"Alifia wapi?"

"Nyumbani. Tulimzika chini ya mtufaha."

"Mlimwekea jiwe?"

Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Sikumhurumia.

Baba akafunga albamu, akamkatia Heidrun kipande cha keki ile aliyoileta.

Asubuhi akanituma kwa fundi wa mawe, akazibe kile kitundu kwa saruji. Fundi alikuwa akikijua miaka yote.

"Kwa hiyo picha mmeikosa, dada?" akaniuliza huku akikoroga.

Nikamwambia tumeipata.